Bustani ya Mama Juu ya Simiti

Kiharusi kilimkuta mama shambani, akipalilia kunde. Aliniambia baadaye kwamba hakusikia maumivu yoyote. Jembe lilimtoka mkononi, akainama kuliokota, na mkono wa kulia haukwenda alikoutuma. Alijaribu kumwita mke wa kaka yangu, aliyekuwa akichuma mboga karibu naye, lakini sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu mwenye uji mdomoni. Wifi yangu akadhani anatania, maana mama alikuwa mtu wa utani. Alipogeuka na kumwona ameketi katikati ya kunde, mguu mmoja umekunjika vibaya, ndipo alipopiga mayowe.

Shamba hilo liko upande wa Homa Bay, kwenye mteremko unaoshuka hadi ziwani. Asubuhi isiyo na ukungu unakiona kisiwa cha Mfangano kule majini. Baba alifariki nikiwa bado shule ya msingi, na mteremko ule ndio uliotulisha na kutusomesha mimi na kaka yangu. Mama alikuwa hajawahi kukaa mwezi mzima bila kushika jembe. Hata msiba ulipotokea kijijini, alikuwa akienda shambani alfajiri kwanza, kisha anaoga na kwenda kulia na wenzake.

Hospitalini sauti ilirudi mapema. Mguu ukafuata, kwa msaada wa fimbo. Mkono ndio uliobaki nyuma. Daktari akasema atahitaji mazoezi ya viungo kila wiki kwa muda mrefu, na kijijini hakuna mtu wa kumfanyisha. Mimi naishi Migori, mtaa wa Suna, na hospitali si mbali na kwangu. Kaka yangu na mimi tukakubaliana nimchukue.

Lakini mama hakutaka. Kwetu Waluo, mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Ni heshima ya zamani, na mama, ingawa ni mtu wa kanisa, hakuwa tayari kuivunja uzeeni. "Nilale ukuta mmoja na mume wako?" aliniuliza. "Nikikohoa anisikie?" Mume wangu ndiye aliyepata njia. Katika ploti tunayopanga kulikuwa na chumba kimoja kitupu, chenye mlango wake, mkabala na nyumba yetu. Tukakipanga. Mama akakubali kwa kuwa sasa angekuwa jirani yetu, si mgeni wetu.

Ploti hiyo ni nyumba chache zilizozunguka uwanja wa simiti. Mwenye nyumba ni mama wa Kiislamu aliyekuja Migori na marehemu mumewe kutoka pwani zamani, na ana duka la vitambaa mjini. Mimi ni fundi wa nguo sokoni, kwa hiyo tulijuana kwa vitambaa kabla ya kujuana kwa kodi. Ni mtu wa usafi kupita kiasi. Kila asubuhi simiti ile ilioshwa kwa sabuni, na mpangaji aliyemwaga maji ya samaki uwanjani aliisikia sauti yake.

Watoto wetu walikuwa shule ya bweni. Mume wangu alitoka mapema kwenda karakana yake ya pikipiki kando ya barabara ya Isebania, nami nilikwenda sokoni. Mama alibaki kwenye kiti cha plastiki mlangoni pake, akitazama simiti. Nikirudi mchana kumpa chakula, nilimkuta palepale. Alikuwa anakula vijiko vichache na kusukuma sahani. Hospitalini walimpa mpira mdogo laini wa kuminyaminya ili vidole vipate nguvu. Siku moja niliukuta nyuma ya mtungi wa maji, akasema umebingirika wenyewe. Nikaurudisha mapajani mwake. Kesho yake ukawa umebingirika tena.

"Mama, hutaki kupona?" nilimuuliza jioni moja. Nilikuwa nimechoka, na swali lilitoka kali kuliko nilivyokusudia.

Aliegemeza fimbo yake ukutani. Kisha akasema, "Pako ni pazuri, nyara. Maji yako hapa, stima iko. Lakini hapana kitu cha kufanya. Hata magugu ya kung'oa hakuna."

Nyara kwa Kijaluo ni "binti yangu". Alikuwa ananiita hivyo anapotaka nisikilize.

Nilikwenda kulala na maneno hayo. Kulima simiti singeweza, na yeye kuinama hakuweza. Siku chache baadaye mteja mmoja, mwalimu niliyekuwa nikimshonea sare za kwaya, alinionyesha kwenye simu picha za bustani yake: kisanduku cha mbao kilichojazwa udongo, kamba zimekatiza juu yake kukigawa katika miraba midogo, na kila mraba una mboga yake. Mraba mmoja ulikuwa na vitunguu, wa pili sukuma wiki, wa tatu dania. Alisema anakula kutoka pale bila kwenda sokoni. Nilimrudishia simu yake, nikafunga kibanda mapema.

Kwanza nilikwenda kwa mwenye nyumba. Alinisikiliza huku akikunja vitenge.

"Sanduku la udongo? Kwenye uwanja wangu?"

"Ni kwa ajili ya mama. Anakufa kwa kukaa bure."

Aliendelea kukunja. "Simiti yangu isichimbwe," alisema hatimaye. "Wala tope lisifike mlangoni mwangu. Likifika, mimi na wewe tutaonana."

Mume wangu alipata mabaki ya mbao kwa rafiki yake mwenye kiwanda cha kupasulia magogo. Jumapili baada ya kanisa akatengeneza sanduku la futi nne kwa futi nne, akaliweka chini karibu na chumba cha mama. Hakumsogelea. Kwa sababu ya heshima ileile, yeye na mama walizungumza kupitia kwangu, hata wakiwa wanasikiana wazi.

Mama aliliangalia sanduku lile kwa makini. "Muulize mume wako," akaniambia, "hili jeneza ni la nani. Kama ni langu, ni fupi."

Mume wangu alijifanya kutafuta msumari chini, lakini mabega yalikuwa yakitikisika kwa kicheko. Nami nilicheka. Mama mwenyewe hakucheka. Aliinuka kwa fimbo yake, akasogea hadi kwenye sanduku, akajaribu kuufikia udongo kidogo tuliokuwa tumeumimina. Goti lilikataa. Alijaribu tena akiwa amejishikiza ukutani, akafika nusu, akasimama hapo akitetemeka. Kisha akarudi kwenye kiti, akageuza uso. Siku hiyo hakula kabisa.

Ndipo nilipoiona kasoro yetu. Picha za yule mwalimu zilikuwa za mtu anayeweza kuchuchumaa. Asubuhi iliyofuata nilichukua utepe wangu wa kupimia, nikamwambia mama asimame.

"Unanishonea nini?"

"Shamba."

Nilimpima kama ninavyompima mteja: kutoka sakafuni hadi kiunoni akiwa amesimama na fimbo, kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko akiwa ameketi, na umbali ambao mkono wa kushoto unaweza kufika mbele bila mgongo kuondoka kwenye kiti. Mkono wa kulia niliupima pia, japo haukufika mbali. Nilipomaliza alisema, "Usipunguze kiunoni kama ulivyopunguza ile gauni ya Krismasi."

Vipimo hivyo mume wangu alivifuata kwa msumeno, na sanduku likapanda juu ya miguu ya mbao. Sasa likawa kama meza yenye kingo. Mama angeweza kuingiza magoti yake chini yake na kulima akiwa ameketi.

Udongo ulikuwa kazi nyingine. Mtu wa mkokoteni alileta mzigo kwa moyo safi kabisa. Mama akauchukua kwa vidole vya kushoto, akausugua, akaunusa, akautema kwa macho. "Umetoka machimboni huu," alisema. Mwenye mkokoteni akakiri kwamba ndiyo, aliutoa karibu na mashimo ya dhahabu, ulikuwa umelundikwa tu pale. "Umeoshwa mpaka umebaki mchanga, na sijui wameutia dawa gani. Rudisha." Mzigo wa pili ulitoka shambani kwa watu, mweusi, na samadi ya ng'ombe tukapata kwa mfugaji mmoja Mkuria anayeleta maziwa mtaani kwetu. Mama alisimamia kuchanganya. Nilifanya kazi hiyo kwa sepetu, naye akinielekeza kutoka kitini: ongeza samadi, vunja hilo bonge, hapana, si hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aje Migori kumsikia akipaza sauti.

Tuligombana juu ya kamba. Mimi nilizikaza kama nilivyoona kwenye simu, zikatoa miraba kumi na sita. Mama alisema mboga hazipangwi mistari kama watoto wa shule. Saga, ile mboga ya mgagani, inamwagwa kwa mkono, na ikiota unaipunguza kwa kuila. Ndivyo mama yake alivyofanya. Tulibishana mpaka nikatishia kuziondoa zote, naye akasema basi ziache, atalima vyumba vyangu hivyo kwa njia yake. Tangu siku hiyo miraba ikaitwa vyumba. Chumba cha managu, yaani mnavu, chumba cha saga, chumba cha mrenda, viwili vya kunde kwa sababu alikuwa hajamaliza zile alizoziacha. Mimi niliruhusiwa kupanda vitunguu pembeni.

Zilipoota alikuwa akinisubiri mlangoni kunipa habari. Hakuwa tena anatazama simiti.

Kisha mvua kubwa ikanyesha, alasiri moja nikiwa sokoni. Ilikuwa mvua ya kufunga macho, na sote tulijibanza chini ya mabati mpaka ilipopungua. Nilirudi nyumbani mbio, nikakuta geti liko wazi na uwanja mzima ni tope jeusi.

Miguu ya meza ilikuwa imevunjika. Udongo ukiloa una uzito ambao hatukuufikiria, na juu ya hapo mama, kabla mvua haijaanza, alikuwa amemwagilia. Sanduku lilianguka upande mmoja na kumwaga kila kitu. Tope lilikuwa limetambaa mpaka nyumba ya mbele, likapita chini ya mlango wa mwenye nyumba, ambako alikuwa ameweka sakafuni furushi la vitambaa lililofika kutoka Nairobi.

Katikati ya tope lile walikuwa wameketi wanawake wawili. Mama alikuwa amekaa chini kabisa, miguu imenyooka, na mapajani kwake kulikuwa na miche. Mwenye nyumba alikuwa amechuchumaa mbele yake, buibui limekunjwa hadi magotini, anaokota mche mmojammoja na kuuweka kwenye karai.

Kila mmoja alinisimulia kwa upande wake jinsi ilivyokuwa. Meza ilipoanguka, mama hakufikiri. Alishuka kutoka kitini kwa makalio, akajiburuta akiokoa miche kabla mvua haijaisomba. Alipokwisha kuiokota iliyokuwa karibu, akagundua hawezi kuinuka. Fimbo ilikuwa mbali. Alikaa pale mvua ikimnyeshea. Mwenye nyumba aliona tope likiingia kwake, akatoka kama moto, akisema, "Nilisema nini mimi? Nilisema nini?" Alifika uwanjani na maneno mengine yako mdomoni.

Mama hajui Kiswahili sana. Alijifunza cha sokoni, kwa kuuza mboga. Alisema, "Mama, pole sana. Meza imevunja. Si kosa ya mtoto yangu. Ni mimi nilimwaga maji mingi."

Mwenye nyumba aliniambia kwamba maneno aliyokuwa nayo yalipotea. "Nikamwambia, dada, inuka kwanza, udongo hautoroki. Akasema hawezi kuinuka. Nikajaribu kumwinua, sina nguvu hizo. Basi nikaona nifanye nini? Nimwache peke yake? Nikakaa naye."

Tulimwinua pamoja, yeye huku, mimi kule. Tukamwogesha kwa maji moto. Mwenye nyumba alileta chai ya tangawizi kwenye chupa na kitambaa kikavu cha kichwa, na alipokuwa anaondoka alinigeukia mlangoni. "Vitambaa vitafuliwa," alisema. "Lakini mwambie mumeo aache mambo ya mbao."

Mume wangu alikuja kuona hasara, akasimama mbali kidogo na mlango wa mama. "Mwambie mama," akaniambia, "miguu nilikosea. Nitaweka chuma."

"Mwambie," mama akanijibu kutoka kitandani, "udongo ukinyeshewa ni mzito. Hata mimi nilisahau, na mimi ndiye mkulima."

Nilisimama katikati yao nikiwapelekea maneno ambayo wote walikuwa wameyasikia.

Meza ya chuma aliichomelea karakanani, imara kiasi kwamba unaweza kuweka pikipiki juu yake. Akatoboa mashimo chini ya sanduku na kuweka beseni la kukinga maji. Nusu ya miche ilikufa, nusu ikashika. Na kuanzia hapo mwenye nyumba akawa anapita kila asubuhi akienda dukani, kwanza akisema anakagua simiti yake.

Siku moja aliuliza, "Dada, chumba hiki hakina mtu?" Alikuwa anaonyesha mraba uliokuwa mtupu.

"Iko wazi," mama akasema.

"Basi nipangishe. Nataka dania."

"Kodi utalipa na nini?"

"Chai."

Mama alifikiri. "Chai na mandazi," alisema. Ikawa hivyo. Jioni nikirudi kutoka sokoni nilikuwa nawakuta, mmoja upande huu wa meza na mwingine upande ule, mandazi kati yao juu ya kipande cha gazeti. Mwenye nyumba alikuwa na Kiswahili cha kwao chenye maneno ambayo hata mimi sikuyajua yote, na mama alikuwa na chake cha kuokoteza. Walielewana. Nikikaribia walinyamaza kidogo, kama wasichana.

Jambo pekee ambalo hawakukubaliana ni mapishi. Mama alimfundisha kuchemsha managu na kuyalaza na maziwa ili uchungu utoke. Mwenye nyumba akayachukua, akayapika kwa tui la nazi, akaleta bakuli. Mama alionja, akaonja tena. Kisha akaniambia kwa Kijaluo, "Imekuwa tamu mpaka imesahau kwao." Mwenye nyumba akataka kujua amesema nini. Nikamwambia amesema ni tamu.

Lakini nataka kueleza jambo la miraba ile, kwa sababu nilichelewa kulielewa. Nilidhani kamba ni urembo tu, au ni njia ya kubana mboga nyingi mahali padogo. Mama tangu augue alikuwa hajamaliza kazi yoyote. Kuvaa alianza yeye nikamaliza mimi. Kufua, kuchambua mchele, hata kufunga lesso, kila kitu kilimshinda katikati na mtu mwingine akakichukua mikononi mwake. Chumba kimoja cha futi moja kilikuwa kazi anayoweza kuianza na kuimaliza. Angelegeza udongo wake kwa kijiko, angetoa magugu, angepanda, angemwagilia kwa kikombe, halafu angepumzika, na kilikuwa kimekwisha. "Leo nimemaliza viwili," aliniambia, na siku nyingine, "Leo kimoja tu, lakini kimekaa vizuri." Alikuwa anaanza kula tena, na alikula mboga zake kwanza.

Mkono wa kulia alianza kuutumia bila kuambiwa. Mbegu za saga ni ndogo mno, na mkono wa kushoto ulikuwa umeshika mfuko. Alijaribu kuzibana kwa kidole gumba na cha shahada cha ule mkono mbovu. Zilimwagika zote mahali pamoja. Alizikusanya akajaribu tena. Sikumsaidia, ingawa mikono yangu ilikuwa inawasha kwa kutaka kusaidia. Mtu wa mazoezi hospitalini alipoona vidole vinafunga, alimpongeza kwa kutumia mpira vizuri, na mama akamshukuru kwa upole.

Tulikuwa tunavuna kunde kwa mara nyingine alipotamka kwamba anarudi nyumbani.

Sikutaka kusikia. Nilimwambia mambo yote: hospitali iko hapa, mimi niko hapa, kule mteremko ni mkali. "Ukianguka tena je?"

"Nitaanguka kwangu."

"Na mimi nitakuwa Migori."

"Na wewe utakuwa Migori, kwa mume wako, mahali pako. Mimi nina nyumba, nyara. Nyumba isiyowashwa moto inaoza."

Nililia kibandani nikishona, mpaka sindano ikakatika. Mwenye nyumba alinikuta hivyo alipoleta vitambaa. Nilitegemea awe upande wangu, kwa kuwa ndiye angempoteza rafiki. Alivuta kigoda akakaa. "Mimi nimekaa huku miaka na miaka," alisema. "Watoto wangu wamezaliwa hapa, mume wangu amezikwa hapa. Na nikiota, bado naota kwetu. Mpeleke."

Tulimpeleka kwa pikapu ya rafiki yake mume wangu, meza mbili mpya za chuma zikiwa nyuma. Kaka yangu na wifi walikuwa wamefagia boma. Mama hakuingia ndani. Alikwenda kwa fimbo mpaka ukingoni mwa shamba, akasimama kuangalia. Wifi alikuwa amelima kipande kilicho karibu na nyumba. Katikati palikuwa na majani marefu, na chini kabisa, palipokuwa na mistari yake bora ya mboga za kiangazi, hapakuwa na shamba tena. Ziwa lilikuwa limepanda. Matete yalikuwa yameota mahali nilipochezea utotoni.

Nilimwogopea. Lakini alitazama kwa muda wake, akageuka. "Kilichobaki kinanitosha," alisema. "Meza ziwekwe wapi?"

Ziliwekwa karibu na mlango wa jiko lake, moja kwa urefu wa kukaa, moja kwa urefu wa kusimama. Mume wangu alifanya kazi na kaka yangu bila kukaa chini, na chakula chake kikapelekwa nyumba ya kaka, kama inavyofaa kwa mkwe. Alipokuwa anaondoka mama alinituma: "Mwambie amefanya kazi ya mtoto wangu wa kuzaa." Safari hii sikufika kumwambia. Mume wangu, aliyekwisha kusikia mwenyewe, aliinamisha kichwa, akavua kofia.

Mboga za kwanza zililiwa na mbuzi. Walisimama kwa miguu ya nyuma wakazifyeka mpaka mashina. Mama alipiga simu akitukana mbuzi mmoja kwa ukoo wake wote, na nilimsikiliza kwa raha, kwa sababu alikuwa hajagugumiza hata neno moja. Kaka akazungusha wavu wa zamani wa samaki, mbuzi wakabaki kuangalia. Baadaye mwanamke mmoja jirani, mwenye mgongo unaomsumbua tangu ujana, akauliza kama anaweza kutengenezewa meza naye. Halafu mwingine wa kanisani. Mume wangu sasa huchomelea meza hizo kati ya pikipiki moja na nyingine, na kila moja inakwenda na vipimo vyake, ambavyo ninavichukua mimi.

Sanduku la Migori limebaki kwangu. Mwenye nyumba hakukubali liondoke. Tunalilima pamoja, na kusema kweli hatujui sana. Saga niliyopanda mara ya kwanza haikuota. Nikampigia mama. "Uliiweka wapi?" akauliza. Nikamwambia niliifukia vizuri. "Basi umeizika," alisema. "Imwage juu, ipapase kidogo, uiache." Mwenye nyumba, aliyekuwa ameweka sikio karibu na simu, akasema, "Nilikwambia." Hakuwa ameniambia.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kijijini kumwona mama. Mkono wa kulia umerudi kwa sehemu kubwa, ingawa alasiri unachoka na vidole vinakuwa vizito. Nilimkuta mezani akitoa magugu kwenye chumba cha mrenda. Alifika katikati, akafungua kiganja na kukifunga, akajaribu tena, kikakataa. Nilinyoosha mkono nimalizie.

"Acha," alisema.

Akajipangusa udongo kwa lesso, akachukua fimbo. Alisema yaliyobaki yana mizizi mifupi, hayaendi popote, atayatoa kesho asubuhi kabla ya jua. Kisha akaniambia niteke maji nijaze mtungi, akaingia ndani kujinyoosha. Nilipokuwa narudi na ndoo nilimsikia kupitia dirishani akikoroma, mchana kweupe, kama mtu aliyetoka kulima.